Mkulima akishaulizwa, nani anamjibu?

WAHENGA walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwa miaka mingi huduma nyingi za umma vijijini na katika masoko ya mijini zimekuwa zikipangwa na watu ambao hawakilalii kitanda hicho. Anayepanga kiwango cha ushuru wa mazao mara nyingi hajawahi kusukuma baiskeli yenye magunia mawili ya mahindi hadi kwenye kizuizi cha halmashauri. Anayechora ramani ya soko hajawahi kuuza soksi kituo cha daladala, jua likiwa la utosi.

Ndiyo maana katika miongo mitatu iliyopita Serikali, vyuo vikuu na mashirika mbalimbali yamekuwa yakituma watafiti vijijini na masokoni, si kuhesabu watu na mifugo tu, bali kuwauliza wananchi wenyewe wanaishije, huduma wanazipataje na kipi kinawarudisha nyuma. Utafiti wa namna hiyo huitwa utafiti shirikishi, na msingi wake ni kwamba aliyeonja shida ndiye shahidi wa kwanza wa shida hiyo.

Hata hivyo, wakulima na wafanyabiashara wadogo wengi wamekwishazoea kuona gari likija, watu wakishuka na madaftari, maswali yakiulizwa, soda zikinywewa, kisha gari likiondoka na lisirudi tena. Swali lao ni la msingi: baada ya kuulizwa, kinafuata nini?

Historia ya Tanzania na ya majirani zake inaonyesha kwamba jibu si moja. Ziko nyakati ambapo sauti za wananchi zimebadili mambo makubwa, na ziko nyakati ambapo zimeishia kabatini. Tofauti kati ya hali hizo mbili ndiyo inayopaswa kumshughulisha mtu yeyote anayelipa ushuru.

Takwimu haisemi yote

Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa mwaka 2000/01 ulionyesha kuwa takriban asilimia 36 ya wakazi wa Tanzania Bara walikuwa wakiishi chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi. Hiyo ni takwimu muhimu, kwa sababu bila hiyo nchi haijui inaelekea wapi. Lakini takwimu hiyo haielezi kwa nini mkulima aliyevuna magunia 20 mwaka mmoja anakuwa mtu wa kuomba chakula mwaka unaofuata.

Kwa kutambua pengo hilo, Serikali ikishirikiana na Taasisi ya Utafiti wa Uchumi na Jamii (ESRF) na wadau wengine iliendesha Tathmini Shirikishi ya Umaskini mwaka 2002 na 2003 katika maeneo 30 nchini. Watafiti walikaa na wananchi katika makundi: wanaume peke yao, wanawake peke yao, vijana, wazee, wafugaji, wavuvi. Walichora ramani za vijiji ardhini, walitengeneza kalenda za misimu kuonyesha miezi ya njaa na miezi ya fedha, na walitumia punje za mahindi au mawe kupima ni tatizo lipi zito kuliko jingine.

Sababu ya kutenganisha makundi ni rahisi kueleweka kwa anayejua mikutano ya vijijini. Mwenyekiti akiwa mbele na wazee wakiwa wameketi safu ya kwanza, mjane mwenye shamba la nusu eka hatasimama kusema kwamba shamba lake limemegwa na shemeji yake. Akiwa na wanawake wenzake, chini ya mti wao, atasema.

Wazo hilo halikuwa jipya hapa nchini. Mwaka 1995 Benki ya Dunia na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walizungumza na watu wapatao 6,000 katika vijiji 87 kuhusu umaskini wao. Nyuma zaidi, katika miaka ya 1970, mtafiti kutoka Finland, Marja-Liisa Swantz, aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza duniani kuzungumzia utafiti ambao mwanakijiji si kitu cha kuchunguzwa bali ni mtafiti mwenza. Mradi wa Jipemoyo uliofanyika Bagamoyo kuanzia mwaka 1975 ulijengwa juu ya fikra hiyo. Kwa maneno mengine, Tanzania si mwanafunzi katika somo hili, ni mmoja wa walimu.

Ripoti ya tathmini ya 2002/03 ilitaja makundi sita ya mambo yanayomsukuma mtu kwenye umaskini: hali ya uchumi, mazingira kama ukame na kuchoka kwa ardhi, utawala, maradhi, umri kama vile utoto na uzee, pamoja na mila na imani. Katika kipengele cha utawala, jambo lililojitokeza ni lile ambalo kila mkulima alikuwa akilijua: kodi na jinsi zinavyokusanywa.

Kodi ya kichwa ilivyoondoka

Wasomaji wenye umri wa kutosha watakumbuka kodi ya maendeleo, ambayo wengi waliiita kodi ya kichwa. Katika halmashauri nyingi ilikuwa ya kiwango kimoja kwa mwenye duka na kwa mwenye jembe la mkono. Mgambo walipoingia kijijini, wanaume walikimbilia porini. Aliyekamatwa bila stakabadhi angeweza kuswekwa rumande au kunyang'anywa kuku, baiskeli au godoro.

Kwa jicho la mhasibu wa halmashauri, hicho kilikuwa chanzo cha mapato. Kwa jicho la mkulima, ilikuwa ni hasara maradufu: fedha anayodaiwa, na siku za kazi anazopoteza akijificha wakati shamba linahitaji palizi. Hasara hiyo ya pili haikuandikwa katika kitabu chochote cha mahesabu. Ilijulikana kwa kuwauliza walioipata.

Malalamiko hayo yalitoka pande nyingi: kwa wabunge, kwa wafanyabiashara, kwa watafiti wa kodi za serikali za mitaa na kwa wananchi walioulizwa vijijini. Juni 2003, katika bajeti iliyosomwa na Waziri wa Fedha wa wakati huo, Basil Mramba, Serikali ilifuta kodi ya maendeleo pamoja na msururu wa ushuru mdogo mdogo uliokuwa ukijulikana kama kodi zenye kero. Mwaka uliofuata ikaondoa ada za leseni kwa biashara ndogo.

Je, wananchi waliona tofauti? Taasisi ya REPOA, ikishirikiana na watafiti kutoka Norway, iliwahoji wananchi 1,260 katika halmashauri sita za Bagamoyo, Ilala, Iringa, Kilosa, Moshi na Mwanza mwaka 2003, kisha ikarudi tena mwaka 2006. Katika awamu ya pili mtazamo wa wananchi kuhusu ukusanyaji wa kodi ulikuwa umebadilika kuwa mzuri zaidi, na kufutwa kwa kodi ya kichwa kulitajwa kuwa sababu mojawapo.

Lakini kila jambo lina gharama yake. Halmashauri zilipoteza chanzo cha mapato, na Hazina ikalazimika kupeleka ruzuku ya kufidia. Halmashauri ikitegemea ruzuku, inamsikiliza zaidi anayetoa ruzuku kuliko anayeishi kijijini. Vilevile ilizidi kubana vyanzo vichache vilivyobaki, na kwa wilaya za wakulima chanzo kikubwa kilikuwa ushuru wa mazao. Hata ada za leseni za biashara nazo zilirudi baadaye. Funzo ni kwamba kero iliyoondolewa leo inaweza kurudi kwa mlango mwingine iwapo hakuna anayeendelea kuuliza.

Lumbesa na gunia

Mfano mmoja unaonyesha vizuri kwa nini uzoefu wa mkulima hauwezi kubuniwa ofisini. Ushuru unapotozwa kwa gunia badala ya uzito, mnunuzi anapata sababu ya kulijaza gunia kupita kiasi, kulifunga kilemba juu na kuliita moja. Hiyo ndiyo lumbesa. Analipa ushuru wa gunia moja na anamlipa mkulima bei ya gunia moja, ilhali mzigo ni wa gunia moja na robo au zaidi.

Sheria ya vipimo hairuhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100. Lakini mkulima wa viazi aliye mbali na barabara, ambaye mzigo wake utaoza ndani ya wiki, hana mzani wala ubavu wa kumkatalia mnunuzi mwenye lori. Ukimuuliza ofisa takwimu idadi ya magunia yaliyopita kwenye kizuizi, atakupa. Ukimuuliza mkulima, atakwambia ni magunia mangapi yalitoka shambani. Namba hizo mbili hazifanani, na tofauti yake ni ada ya shule ya mtoto.

Mwaka 2017 Serikali ilipunguza ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, na kuagiza mzigo usiozidi tani moja usitozwe unapovushwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Kwa mwenye bodaboda au baiskeli, agizo hilo la pili lilikuwa na maana kuliko lile la kwanza. Asilimia inamhusu mwenye lori. Kizuizi kinamhusu mwenye magunia mawili.

Jengo lisilo na wateja

Mijini nako hakujatofautiana sana. Jengo la Machinga Complex lililofunguliwa jijini Dar es Salaam mwaka 2010 lilikusudiwa kuwa suluhisho la wafanyabiashara wa barabarani. Kwa miaka mingi vizimba vingi, hasa vya ghorofa za juu, vilibaki vitupu. Machinga angeulizwa mapema, angeeleza kwa sentensi moja: biashara yake si kumsubiri mteja, ni kumfuata. Mtu anayenunua leso au chaja ya simu hapandi ghorofa kuitafuta. Anainunua kwa sababu ameiona akiwa njiani kwenda kupanda daladala.

Desemba 2018 Serikali ilitoa vitambulisho 670,000 vya wajasiriamali wadogo wenye mauzo yasiyozidi Sh4 milioni kwa mwaka, kila kimoja kwa Sh20,000. Hatua hiyo iligusa kero ambayo wamachinga walikuwa wakiilalamikia siku zote, yaani ushuru wa kila siku na kufukuzwa na mgambo. Hata hivyo, mwaka 2021 wengi wao walitakiwa kuhamia maeneo maalumu, na pale maeneo hayo yalipokuwa mbali na njia za watu, hadithi ya ghorofa tupu ilijirudia kwa sura nyingine.

Mfano wenye kutia moyo zaidi unatoka kwa wanawake wa masokoni. Shirika la Equality for Growth (EfG) la Dar es Salaam lilianza kwa kuwauliza wanawake wanaouza katika masoko ya Ilala ni nini kinachoharibu biashara zao. Mtu wa mbali angetarajia jibu la mtaji. Pamoja na mtaji, walitaja matusi, kushikwa maungo na kudhulumiwa na wateja pamoja na wafanyabiashara wenzao wa kiume. Kutokana na majibu hayo, kampeni ya Mpe Riziki Si Matusi ilianzishwa, wasaidizi wa kisheria wakafundishwa kutoka miongoni mwa wafanyabiashara wenyewe, na masoko kadhaa, likiwamo la Mchikichini, yakajiwekea taratibu za kuwaadhibu wakosaji.

Hapo tatizo lilitajwa na walioathirika, dawa ikatolewa na watu walio sokoni, na mwenye mamlaka ya kuadhibu, yaani uongozi wa soko, alikuwapo kila siku. Hayo matatu kukutana si jambo la kawaida.

Uganda: mafanikio na mashaka

Je, kuna ushahidi kwamba kuwashirikisha wananchi huokoa maisha? Kwa muda mrefu jibu lililotolewa lilitoka Uganda. Katikati ya miaka ya 2000, watafiti walichagua vituo vya afya 50 katika wilaya tisa. Nusu yake walifanya mikutano ambapo wananchi walipewa matokeo ya utafiti kuhusu kituo chao, wakakutana na wahudumu na kukubaliana kitu gani kibadilike. Baada ya mwaka mmoja, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kuwa vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilipungua kwa asilimia 33 katika maeneo hayo, na wagonjwa wanaokwenda vituoni waliongezeka.

Habari hizo zilisambaa duniani kote na miradi mingi ikaanzishwa kwa mfano huo. Lakini jaribio jingine kubwa zaidi, lililohusisha vituo 376 katika wilaya 16 za nchi hiyohiyo katika miaka ya 2010, halikuona punguzo hilo la vifo. Liliona maboresho madogo katika namna wagonjwa walivyohudumiwa, basi.

Hapa Tanzania nako, watafiti walifanya jaribio katika vijiji 200 vya mikoa ya Tanga na Dodoma kuhusu huduma za wajawazito na watoto wachanga. Wananchi walikusanya taarifa wenyewe, wakapanga hatua zao wenyewe na wengi wakazitekeleza. Hata hivyo, vijiji vilivyoshiriki havikuonyesha tofauti, kwa wastani, na vile ambavyo havikushiriki.

Matokeo hayo yasichukuliwe kuwa ni sababu ya kuacha kuwauliza wananchi. Yanaeleza ukomo wa kuuliza. Wanakijiji wanaweza kumshinikiza muuguzi afike saa mbili asubuhi badala ya saa nne. Hawawezi kumshinikiza alete dawa ambazo hazijafika kutoka bohari, wala aajiri wenzake wawili ambao kibali chao hakijatoka. Akiwa peke yake zamu ya usiku na mchana, shinikizo litamchosha tu.

Linganisha na kodi ya kichwa. Mwenye uwezo wa kuifuta alikuwa mmoja, Serikali Kuu, na jibu lake lilihitaji hotuba moja ya bajeti. Upungufu wa dawa katika zahanati unahitaji majibu kutoka ngazi ya kijiji, wilaya, wizara na Hazina kwa wakati mmoja. Utafiti unaoishia kijijini hauwezi kuzifikia ngazi hizo zote.

Malawi walilitazama hilo kwa namna tofauti. Shirika la CARE lilianzisha huko, mwaka 2002, utaratibu wa kadi ya alama, ambapo wananchi wanatoa alama zao kwa huduma, wahudumu wanatoa alama zao wenyewe, kisha pande zote mbili zinakaa meza moja na viongozi wa wilaya wakiwapo. Zoezi hilo linarudiwa baada ya miezi kadhaa kuona nani ametimiza na nani hajatimiza. Utafiti uliofanywa wilayani Ntcheu katika miaka ya 2010 ulionyesha mafanikio, yakiwamo kuongezeka kwa ziara za wahudumu wa afya kwa wajawazito na kuridhika kwa wananchi na huduma. Tofauti kubwa ni kwamba muuguzi naye aliulizwa, na aliye juu yake aliketi kusikiliza.

Simu haifiki kwa wote

Teknolojia imeleta njia mpya. Mwaka 2013 shirika la Twaweza lilianzisha Sauti za Wananchi, utaratibu wa kuwapigia simu wananchi kutoka kaya 2,000 za Tanzania Bara, baada ya kuwagawia simu na chaja za umeme wa jua. Kwa njia hiyo maoni kuhusu maji, shule au bei za vyakula yanaweza kupatikana kwa wiki chache badala ya miaka.

Kasi hiyo ina faida, lakini ina upungufu wake. Katika tafiti za simu ambazo haziwagawii watu simu, asiye na simu au anayetumia simu ya mumewe hahesabiki, na mara nyingi huyo ndiye mwenye shida kubwa zaidi. Aidha, mahojiano ya dakika chache hayampi mtu nafasi ya kusema lile ambalo mtafiti hakufikiria kuuliza.

Mazingira ya kisheria nayo yana uzito. Marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya mwaka 2018 yaliwatia hofu watafiti wengi kuhusu kuchapisha matokeo yanayotofautiana na takwimu rasmi, hadi yaliporekebishwa tena mwaka 2019. Mtafiti akiogopa kuandika alichoambiwa, mkulima amepoteza muda wake kusema.

Mtafiti akifika kijijini

Kwa wakulima na wafanyabiashara wadogo, jambo la kujifunza si kukataa kuhojiwa, bali kuhojiwa kwa faida. Yapo maswali manne ambayo kijiji, chama cha msingi au uongozi wa soko unaweza kumuuliza mtafiti kabla hajafungua daftari.

Kwanza, majibu yatapelekwa kwa nani, na je, huyo ana mamlaka na bajeti ya kufanya lolote? Pili, matokeo yatarudishwa lini hapa kijijini, kwa Kiswahili, katika mkutano wa hadhara? Tatu, je, watu wasiosikika, yaani wajane, walemavu, wafugaji, vibarua na wazee, watazungumza wakiwa peke yao? Nne, mtafiti atarudi lini kuangalia kama kuna kilichobadilika?

Nyenzo ya wananchi wenyewe nayo ipo. Mkutano Mkuu wa Kijiji unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea ana haki ya kuhudhuria na kusomewa mapato na matumizi. Utaratibu wa upangaji wa fursa na vikwazo kwa maendeleo, maarufu kama O&OD, ambao halmashauri zilianza kuutumia mwaka 2002, nao unaanza na wananchi kutaja vipaumbele vyao. Pale ambapo mikutano haiitishwi, au vipaumbele vya mwaka jana vinanakiliwa mwaka huu, nyenzo hizo zinabaki karatasi.

Kikundi cha wakulima kinachoandika kwenye daftari la kurasa 96 ni magunia mangapi yalitoka, yalipimwa kilo ngapi, ushuru ulilipwa wapi na stakabadhi ilitolewa au la, kinafanya utafiti wake chenyewe. Kumbukumbu ya msimu mzima ya wakulima 30 ni vigumu kupuuzwa kwenye kikao cha Baraza la Madiwani kuliko malalamiko ya mdomo, na haihitaji kusubiri gari la mradi.

Miaka ishirini na ushei imepita tangu kodi ya kichwa ifutwe. Vijana wanaouza mazao leo hawajawahi kumkimbia mgambo kwa ajili yake. Wengi wao hawajui kwamba ilifutwa baada ya wazazi wao kuisema kila walipopata wa kumwambia, hadi ikamfikia aliyekuwa na uwezo wa kuifuta.